Suti ya Bonwit Teller iliyosemwa ni ya 1947

Suti ilifika mezani kwangu mwezi wa Februari, ndani ya boksi bapa jeupe lililochapwa vishada vya maua madogo ya zambarau. Meza yangu iko nyuma ya duka la dobi mjini Lowell, Massachusetts. Nafupisha suruali, napunguza viuno, nabadilisha zipu za makoti ya baridi. Aliyeleta boksi ni dada mmoja wa Kiambu ambaye kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao. Bibi aliyemtunza miaka minne, ambaye yeye alimwita shosho, yaani bibi kwa Kikuyu, na mwenyewe akalizoea jina hilo, alifariki kabla ya Krismasi. Binti wa marehemu alipokuwa akiondoa nguo kabatini, akamwambia achukue hili boksi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemvisha mama yake mpaka siku ya mwisho.

"Fundi, hebu niangalilie hii. Nivae, niuze, ama nitume nyumbani?"

Juu ya nguo kulikuwa na kikaratasi kilichoshikwa kwa pini, mwandiko wa huyo binti: suti ya Mama, Bonwit Teller, Boston, 1947. Kabla ya kuja kwangu, dada alikuwa ameipeleka kwa muuzaji mmoja wa nguo za zamani. Yule bwana aliitazama akiwa amesimama, akasema ni ya miaka ya sabini, akataja dola 40. Kwa hiyo nikawa na kauli mbili, na kati ya 1947 na miaka ya sabini kuna umri wa mtu mzima mwenye watoto.

Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu wote wawili walikosea, na kila mmoja alikosea kwa sababu inayoeleweka. Wote walisoma kile ambacho nguo inakionyesha mbele. Mimi kazi yangu hunifanya niigeuze ndani nje kwanza.

Yenyewe ilikuwa vipande viwili: gauni lisilo mikono, na koti fupi lisilo kola lenye vifungo vinne. Sufu yenye vifundo vifundo, rangi ya kahawa iliyozidishwa maziwa, na ukingo wa koti umezungushiwa ukanda mweusi wa kusokotwa. Shingoni, lebo nyeusi iliyofumwa maneno mawili tu kwa mwandiko wa kuunganisha: Bonwit Teller.

Sasa, lebo hiyo. Bonwit Teller lilikuwa duka la New York, la aina ile ya maduka ya ghorofa ambamo mteja huingia akiwa na haja ya glavu akatoka na kofia, viatu na deni. Paul Bonwit alilianzisha 1895, na Edmund Teller akajiunga naye miaka michache baadaye. Wengine waliuza kila kitu kuanzia sufuria hadi vitanda. Hawa wakaelemea kwenye mavazi ya wanawake wenye uwezo. 1930 walihamia jengo la Fifth Avenue penye kona ya mtaa wa 56. Mdororo wa uchumi ukawabana, mwenye mtaji mmoja akaingia, na 1934 mkewe, Hortense Odlum, akawa rais wa duka. Alikuwa hajawahi kufanya kazi ya duka. Alichokijua ni jinsi mteja anavyojisikia akiwa upande wa pili wa kaunta, na akaliokoa duka kwa ujuzi huo. Wapenda sanaa wanalikumbuka kwa mengine: 1939 Salvador Dalí alipanga dirisha lao, wenye duka wakalibadilisha bila kumwuliza, naye kwa hasira akalisukuma beseni la kuogea mpaka likapasua kioo na kutoka nalo barabarani. Polisi wakamchukua.

Tawi la Boston lilifunguliwa 1947, ndani ya jengo la zamani la makumbusho ya viumbe huko Berkeley Street, jengo la miaka ya 1860 la matofali na nguzo, lililojengwa kuhifadhi mifupa na ndege waliokaushwa. Bado limesimama, leo linauza samani. Hapo utaona kuwa 1947 ya kwenye kikaratasi haikuzuka tu. Ni mwaka halisi wa jambo halisi. Swali ni kama ni mwaka wa suti hii.

Duka hilo liliuza nguo miaka tisini na zaidi. Jengo la Fifth Avenue liliuzwa kwa Donald Trump 1979, likabomolewa mwaka uliofuata ili kupisha mnara wake. Michoro miwili ya wanawake iliyochongwa kwenye mawe karibu na kilele cha jengo, ambayo makumbusho ya Metropolitan yalikuwa yameahidiwa, ikavunjwavunjwa kwa nyundo za umeme. Kampuni ya Australia ikalinunua jina 1987, 1989 ikafilisika, na 1990 matawi mengi yakafungwa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha lebo ya Bonwit Teller, amekwambia kwamba nguo haikutoka dukani kabla ya 1895. Basi.

Na kuna jambo la pili ambalo lebo ile huficha. Duka halikushona. Walikuwa na mafundi wa kurekebisha, na kuna nguo chache walizotengeneza wenyewe, lakini nyingi zilitoka kwenye karakana za Seventh Avenue, mtaa wa washonaji wa New York, kwa makampuni ambayo mteja hakuyajua wala hakutakiwa kuyajua. Duka lilinunua, likashonea jina lake shingoni, na jina la mtengenezaji likapotea. Nguvu hiyo ya duka ilikuwa kubwa kiasi kwamba 1968 kijana asiyejulikana, Calvin Klein, aliisukuma kwa mikono rafu ya makoti yake barabarani kwenda Bonwit's ili rais wa duka, Mildred Custin, ayaone bila kukunjamana. Alipata oda, na maisha yake yakageuka. Siku hizi mbunifu ndiye anayefungua duka.

Nilitandaza shuka jeupe, nikaligeuza gauni.

Zipu kwanza, kwa sababu ndiyo inayotazamwa na kila mtu. Ilikuwa ya chuma, katikati ya mgongo. Gauni la miaka ya arobaini kwa kawaida hufunguka ubavuni, chini ya kwapa; zipu ya mgongoni ilizoeleka miaka ya hamsini. Zipu za nailoni nazo zilianza kuzifukuza za chuma katikati ya miaka ya sitini. Kwa hiyo hii ilinielekeza kati ya hamsini na sitini na kitu. Lakini zipu hudanganya. Mimi mwenyewe nimeshabadilisha mamia, na karakana iliyokuwa na boksi la zipu za chuma haikulitupa eti mwaka umegeuka. Nikachukua kioo cha kukuza nikafuata mshono wake: vidoa vidogo vya uzi vilivyoshonwa kwa mkono, kimoja kimoja, uzi uleule wa mishono mingine ya gauni, na hakuna matundu ya sindano ya zamani pembeni. Zipu haikuwahi kubadilishwa.

Kwenye mshono wa ubavu, ndani, nilikuta kile nilichokuwa nakitafuta. Kilebo cha kitambaa kisichozidi ukubwa wa stempu, cheupe, maandishi ya bluu: ILGWU, na kuzunguka duara lake, AFL-CIO.

Hicho ni cha chama cha wafanyakazi wa mavazi ya wanawake, kilichoundwa 1900. Wengi wanakijua kwa mgomo mkubwa wa 1909, na kwa moto wa kiwanda cha Triangle wa 1911 ulioua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, kwa sababu milango ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Karakana iliyoingia mkataba na chama ilikishonea kilebo hicho kila nguo, ili mnunuzi ajue kuwa aliyeishona alilipwa kwa makubaliano. Kwetu sisi mafundi kina faida nyingine, kwa kuwa kilibadilika sura kila chama kilipobadilika. AFL na CIO yalikuwa mashirikisho mawili hasimu ya vyama vya wafanyakazi. Yaliungana Desemba 1955. Kabla ya hapo hakuna karakana ambayo ingeweza kuandika herufi hizo pamoja na kistari katikati. 1974 chama kikabadilisha kilebo kikawa cha nyekundu, nyeupe na bluu. Hiki hakina hata chembe ya nyekundu.

Kwa hiyo 1947 ilikufa hapo hapo, na sehemu kubwa ya miaka ya sabini ikaenda nayo. Ilinichukua dakika kumi. Yule muuzaji angeweza kufanya vivyo hivyo kama angeketi.

Koti nalo lilikuwa na kitambulisho chake ndani ya mshono wa bitana: sufu asilimia mia, na herufi RN zikifuatiwa na tarakimu tano zinazoanza na 18. Sheria ya Marekani ya kuandika kiasi cha sufu ilianza kazi 1941. Namba ya RN ni ya kusajili kampuni, hutolewa na tume ya biashara ya serikali ili mtengenezaji asilazimike kuandika jina lake zima. Namba za mfululizo huu wa tarakimu tano zilianza 1959 kwenye 13670, na ukizihesabu kwa kadiri zilivyokuwa zikitolewa, zile za kumi na nane elfu zinaangukia kama 1960 au 1961. Hapa watu huteleza. Namba haisemi nguo ilishonwa lini. Inasema kampuni iliandikishwa lini, na kampuni ikishapata namba huitumia mpaka ife. Lakini nguo haiwezi kuzaliwa kabla ya namba yake. Sakafu yangu ikapanda kutoka mwisho wa 1955 hadi 1960.

Dari je? Nilitafuta lebo ya maelekezo ya kufua, ile yenye kusema kama nguo ifuliwe kwa maji au ipelekwe kwa dobi. Ilifanywa kuwa lazima Julai 1972. Haikuwepo. Kutokuwepo kwa kitu ni ushahidi dhaifu, kwa sababu watu hukata lebo zinazowawasha. Ila lebo ikikatwa hubaki ncha yake imebanwa mshononi, na nilipapasa kila mshono sikupata ncha.

Nikafika kwenye pindo la gauni, na hapa ndipo nilipomwelewa yule bwana wa dola 40.

Gauni, likining'inia, linaishia juu kidogo ya goti. Mtu akiona pindo juu ya goti, koti lisilo kola na sufu ya vifundo, atafikiria mwisho wa sitini kwenda sabini, na hatakuwa mjinga. Lakini pindo lile lilikuwa nene mno. Nililikunjua sentimita chache: kulikuwa na mstari wa zamani, kitambaa kimefifia upande mmoja na kubaki na rangi upande wa pili, na alama ya pasi iliyopigwa mara nyingi mahali palepale. Gauni lilikuwa limepandishwa karibu sentimita saba. Nikang'oa kipande kidogo cha uzi wa pindo jipya nikakishika kwa kibano juu ya mshumaa. Kiliyeyuka kikawa shanga nyeusi ngumu: poliesta. Uzi wa mshono wa ubavuni, nao kipande kidogo, ukawaka na kubaki majivu laini: pamba. Mikono miwili, nyakati mbili. Na huyu wa pili hakuwa fundi mzuri. Kashona kwa hatua ndefu kama mtu anayewahi basi. Yawezekana ni shosho mwenyewe, katikati ya miaka ya sitini, pindo zilipoanza kupanda mwaka hadi mwaka na wanawake wakawa wanazifuata kwa sindano zao jioni badala ya kununua gauni jipya.

Mengine nitayapita haraka. Matundu ya vifungo vya koti yalizungushiwa kitambaa chenyewe, si uzi. Kazi ya saa nyingi, na ya gharama. Bitana ya hariri, imeshikizwa kwa mkono. Mtindo ni ule wa Chanel wa wakati huo, ambao karakana za New York ziliuiga waziwazi: wanunuzi wa Marekani walilipia kuingia kwenye maonyesho ya Paris na kununua mfano mmoja pamoja na ruhusa ya kuunakili, na miezi michache baadaye nakala zilikuwa madirishani Boston. Sikumwambia dada kuwa ni Chanel. Si Chanel. Ni suti nzuri ya Seventh Avenue iliyojua kutazama.

Niliandika kwenye karatasi: baada ya 1959, kabla ya 1972, na kwa kuwa pindo lilipandishwa baadaye, dau langu ni 1961 hadi 1964. Nikamwita.

Hakufurahi. Siyo kwa ajili ya bei. Alifikiri nimemfanya shosho kuwa mwongo. "Lakini shosho mwenyewe alikuwa akisema. Bonwit, forty-seven. Kila siku." Nikamweleza kuwa watu hawadanganyi hivyo. Mtu hununua kitu mwaka fulani, kitu kinachakaa, mwaka unabaki kichwani bila kitu cha kuushika, mwishowe unakwenda kukaa juu ya kile kilichosalia kabatini. Bibi yangu kule Tanga alituonyesha kanga moja akisema ndiyo aliyofungiwa siku ya harusi yake, na kanga ile ilikuwa na jina la duka lililofunguliwa mimi nikiwa nasoma darasa la tatu.

Basi akampigia simu binti wa marehemu, palepale mezani, akamwambia kuwa fundi anasema suti ni ya miaka ya sitini. Kimya kidogo. Kisha yule mama akasema ngoja, nitatafuta.

Jioni ikaja picha kwenye simu. Picha ya rangi iliyogeuka wekundu, ya mraba, yenye ukingo mweupe. Shosho, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amesimama kwenye ngazi za kanisa akiwa amevaa suti hii hii, ukanda mweusi unaonekana dhahiri, na mbele yake mvulana amevaa suti nyeupe ya komunyo ya kwanza. Gauni linafika chini ya goti. Kwenye ukingo mweupe wa picha imepigwa chapa ndogo: MAY 64.

Chapa hiyo ni ya maabara iliyosafisha picha. Huonyesha mwezi picha iliposafishwa, na filamu inaweza kukaa ndani ya kamera miezi. Lakini haiwezi kusafishwa kabla ya kupigwa. Kwa hiyo Mei 1964 suti ilikuwa imeshanunuliwa, na pindo lilikuwa bado la chini. Dari ikashuka kutoka 1972 hadi 1964, ikalikalia dau langu barabara. Nakiri nilijisikia vizuri. Nilimwonyesha mpaka kijana wa dobi, ambaye aliuliza kama hiyo inaongeza bei.

Kuhusu 1947, binti alikumbuka baadaye kuwa mama yake alianza kazi mwaka huo, na kwamba mshahara wa kwanza ulikwenda Bonwit's, tawi likiwa jipya kabisa, kununua glavu. Glavu hazikupatikana. Mwaka wake ulipatikana.

Sasa swali la dada, ambalo ndilo lililomleta: avae, auze, ama atume.

Kutuma nilikukataa kwanza, na nikamweleza kwa nini. Nguo kama hii kwa kawaida haifiki Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Nguo za Marekani zinazotolewa sadaka hupita kwenye maghala ya kuchambua kabla ya kufungwa robota za kwenda Mombasa, na wachambuzi wana macho. Nguo kuukuu yenye thamani huchomolewa ikauzwa hapahapa. Ikiponyoka ikafika, huko ingeitwa kamera ya kwanza, yaani daraja la juu, na kugombewa kabla jua halijachomoza, halafu mnunuzi angekata mikono ya koti apate kizibao. Zaidi ya hapo ni sufu nzito yenye bitana. Limuru mwezi wa Julai ingevalika. Kwingineko ni kujitesa.

Ilichekesha kidogo pia kwamba mazungumzo hayo yalifanyika Lowell. Mji huu ulijengwa miaka ya 1820 kwa ajili ya viwanda vya kufuma pamba, na ni mitambo ya Massachusetts iliyofuma ule mgolole mgumu usiotiwa rangi ambao meli za Salem zilipeleka Zanzibar, ukaitwa merikani mpaka leo. Mkataba wa biashara na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, balozi mdogo wa Marekani akafika 1837, na merikani ikawa nguo na fedha kwa pamoja mpaka bara, hadi vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 vilipokata pamba na Bombay ikachukua nafasi. Kwa hiyo nguo zimekuwa zikisafiri njia hii muda mrefu, zikianza mpya kabla ya kuja kuanza kuukuu.

Kuuza kulikuwa na maana zaidi. Dola 40 ilikuwa bei ya kumpima mtu asiyejua. Lakini nilimtahadharisha na bei za mtandaoni pia: mtu anaweza kuandika dola 600 juu ya suti ya Bonwit's na ikakaa miaka mitatu. Usitazame inavyoombwa, tazama zilizokwisha kuuzwa. Kisha nikamwonyesha kasoro. Matundu mawili ya nondo karibu na pindo. Bitana ya kwapani imepasuka kwa jasho la miaka. Hariri ikishakula jasho haipumziki, inakwenda tu. Pindo lililopandishwa. Mkusanyaji hulipa kwa ukamilifu, na hii si kamili. Nilikadiria kuwa akivumilia angepata mara nne au tano ya ile aliyotajiwa. Akauliza, "Na nikivaa?"

Hapo tukakutana na namba. Gauni lina alama ya saizi 14, naye madukani hununua 10, kwa hiyo alidhani litampwaya. Halikufungika hata nusu ya mgongo. Saizi za Marekani zimekuwa zikilegea: serikali ilichapisha vipimo vya pamoja 1958, makampuni hayakulazimishwa kuvifuata, 1983 vikafutwa, na kila duka likawa linampunguzia mteja namba ili ajisikie vizuri. Saizi 14 ya wakati ule ni kama 8 ya sasa. Nilimwambia asiichukulie moyoni.

Bahati ni kwamba watu wa karakana ile walikuwa hawabani kitambaa. Ndani ya kila mshono wa ubavu waliacha karibu sentimita mbili na nusu, tofauti na nguo za leo ambazo mashine huzikata mpaka ukingoni zikabaki na uzi tu. Kulikuwa na pa kulegeza.

Nilianza na nondo. Suti ikaingia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ikakaa kwenye friza wiki mbili, kwa sababu matundu unayoyaona ni ya mabuu waliokwisha kuondoka, na mayai huyaoni. Matundu niliyafuma upya kwa nyuzi nilizochomoa kwenye kitambaa cha ziada cha pindo. Sufu ya vifundo husamehe, huoni mahali ilipotoboka hata ukijua. Kwapani sikung'oa bitana. Niliweka hariri nyembamba chini yake nikaishikiza, ya zamani ikabaki juu. Mishono ya ubavu niliilegeza kila upande kwa kiasi kile tu alichohitaji, bila kukata uzi wa kitambaa hata mmoja, ili siku moja mtu akitaka kuirudisha irudi. Zipu sikuigusa.

Pindo tulibishana. Mimi nilitaka kulishusha liwe kama kwenye picha. Yeye akakataa: shosho ndiye aliyelipandisha, likae alivyoliacha. Nikasema mshono wenyewe ni mbaya. Akasema anajua, amemwona shosho akishona vifungo.

Mshono wa ubavu wa kushoto ndio uliobeba kile kilebo cha bluu, na ili niulegeze ilinibidi nikitoe. Nyuma yake, mahali ambapo mwanga haujafika tangu siku ya kwanza, kulikuwa na chaki. Namba 14, saizi, na chini yake 7, ambayo inaelekea kuwa namba ya kifurushi, kwa kuwa walikata nguo nyingi kwa pamoja na kila mshonaji akapewa vipande vyake vimefungwa, akalipwa kwa idadi. Ile 7 ilikuwa na kistari katikati, kama wanavyoiandika watu waliosoma shule za Ulaya. Dada aliitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama lebo ya shingoni. Akauliza kama nitaifuta. Nikafunga mshono juu yake kwa uzi wa pamba, kilebo nikakirudisha palepale kwenye matundu yake ya zamani, nikapiga pasi kwa mvuke kupitia kitambaa chenye unyevu.

Nilimtoza dola 60. Alilipa 50 na chapati nane, akachukua boksi lenye maua pamoja na karatasi yangu ya tarehe, iliyofutwa mara mbili, na kikaratasi cha 1947 ambacho hakutaka kukitupa.